Mkeka wa WrestleMania 30

Karatasi yenyewe ilikuwa mgongo wa kalenda ya mwaka uliopita, ukurasa wa Desemba. Niliigawa kwa rula safu mbili, moja yangu na moja ya mdogo wangu wa kike, nikaandika mapambano yote ya WrestleMania, lile onyesho kubwa kuliko yote la mwaka la mieleka ya WWE ya Marekani, kutoka juu hadi chini. Masharti yalikuwa yale yale ya siku zote: kila mtu anaandika mshindi wake kabla ya kengele ya kwanza, hakuna kufuta, hakuna hela. Tuliuita mkeka, kama watu wa kubashiri mpira, ingawa tulichokuwa tukikitafuta hakikuwa pesa. Tulitaka kujua nani kati yetu anaisoma stori vizuri zaidi.

Mieleka hii matokeo yake hupangwa. Kila anayeifuata kwa mapenzi analijua hilo, na kwangu hapo ndipo utamu wake ulipo. Kwenye mpira unajiuliza nani ana nguvu, nani ana majeruhi. Huku unajiuliza stori inataka nini. Nani ameonewa muda mrefu na bado hajalipa kisasi? Nani anajigamba kupita kiasi? Na kulikuwa na kanuni moja niliyoithamini kuliko zote: mtazame anayebaki amesimama kwenye kipindi cha mwisho cha televisheni kabla ya pambano kubwa, kisha umwandike mwenzake aliyelala chini. Aliyepigwa wiki ya mwisho ndiye anayeshinda siku yenyewe. Kanuni hiyo ilikuwa imenipa ushindi mara nyingi mno, hata nikaacha kuihoji.

Ilikuwa tarehe 6 Aprili 2014, Jumapili jioni kule New Orleans, ndani ya uwanja wa Superdome. Kwetu ilikuwa usiku wa manane kuamkia Jumatatu. Tulikuwa wawili tu sebuleni, sauti ya televisheni tumeipunguza ili tusiamshe nyumba nzima.

Pambano ambalo sikuwa na shaka nalo hata chembe lilikuwa la Daniel Bryan. Ile stori niliifuata hatua kwa hatua tangu Agosti 2013. Kwenye onyesho la SummerSlam alimpiga John Cena kihalali, akaushika mkanda wa ubingwa, na kabla hajamaliza kuufurahia, Triple H aliyekuwa mwamuzi wa pambano lile akamgeuka na kumbwaga chini. Randy Orton akaja na mkoba wake wa Money in the Bank, ule unaompa mwenye nao haki ya kudai pambano la ubingwa wakati wowote, akamlalia mabega chini kwa hesabu ya tatu, mkanda ukaondoka. Kuanzia hapo wakubwa wa kampuni, Triple H na mkewe Stephanie McMahon, wakawa wanamwambia usoni kwamba yeye si mtu wa daraja la juu. Alikuwa mfupi, ana ndevu za msituni, na hana ule mwili wa bango la tangazo. Lakini kila alipoingia ulingoni uwanja mzima uliinua vidole juu na kupiga kelele ya "Yes! Yes! Yes!"

Januari 2014, kwenye Royal Rumble ya Pittsburgh, nilimngojea kama watu wengine wote. Wanaume 30 huingia mmoja mmoja, anayebaki wa mwisho huenda kugombea ubingwa WrestleMania, na wa thelathini alipotokea akawa Rey Mysterio. Rey, mtu anayependwa na watoto dunia nzima, alizomewa! Si kwa kosa lake. Alizomewa kwa sababu yeye si Bryan. Batista, aliyekuwa amerudi siku chache tu kabla, akashinda na kuzomewa hata zaidi. Nilikaa kimya nikisikiliza ile zomea, na nilichojifunza usiku ule nimeendelea kukitumia: watazamaji nao wana kalamu. Waandishi wanaweza kupanga wapendavyo, lakini watu elfu kumi na kitu wakikataa kwa sauti moja, stori hupinda. Na ilipinda kweli. Machi, Bryan alijaza ulingo kwa mashabiki na kugoma kuondoka mpaka Triple H akubali kupambana naye. Sharti likawekwa: mshindi wao anaingia usiku huo huo kwenye pambano la ubingwa pamoja na Orton na Batista. Wiki moja baadaye Triple H akamfunga Bryan pingu na kumpiga bila huruma.

Mtu aliyefungwa pingu akapigwa hivyo, unamwandikaje kwamba atashindwa? Niliandika jina lake mara mbili, pambano la kwanza na la mwisho. Mdogo wangu naye akaandika hivyo hivyo.

Tulitofautiana kwa Undertaker.

Hapa lazima nieleze Undertaker alikuwa nani kwetu. Tangu 1991, alipompiga Jimmy Snuka kwenye WrestleMania ya saba, hakuwahi kushindwa kwenye jukwaa lile. Mapambano 21, ushindi 21. Tulipokuwa wadogo, kengele yake ya kifo ikilia na taa zikizimika, mdogo wangu alikuwa anajificha nyuma ya kiti changu na kuniuliza, "Ameshafika ulingoni?" Nikimwambia bado, anabaki huko huko, kwa sababu yule mtu alitembea taratibu kuliko maiti inayosindikizwa. Alimwogopa na alimpenda, vyote kwa pamoja. Mimi nilimpenda tu.

Mwaka ule mpinzani wake alikuwa Brock Lesnar, na msemaji wake Paul Heyman pembeni. Kuna siku Undertaker alimchoma Lesnar kalamu mkononi wakati wa kutia saini mkataba wa pambano. Siku nyingine lililetwa jeneza, na Undertaker akatokea humo humo ndani. Lakini kwenye kipindi cha mwisho cha Raw, kile cha televisheni cha kila wiki, Machi 31, Lesnar alimbeba Undertaker mabegani na kumbwaga kwa ile F-5 yake. Lesnar akabaki amesimama. Kwa kanuni yangu, kazi ilikuwa imekwisha. Tena Lesnar aliporudi 2012 pambano lake la kwanza alishindwa na Cena, na WrestleMania ya 2013 alishindwa na Triple H. Mtu aliyeshindwa na hao ndiye aje kuvunja rekodi ya miaka 23?

Nikaandika UNDERTAKER kwa herufi kubwa na kupiga mstari chini yake.

Mdogo wangu alikaa na kalamu mdomoni, anatafuna kile kifuniko cha bluu mpaka kikapasuka.

"Kaka," akasema, "Undertaker akishinda, kesho yake kutatokea nini?"

"Kesho yake wapi?"

"Kesho. Kwenye Raw. Stori itaendeleaje?"

Nikafikiri. Kwa miaka kadhaa sasa alikuwa anatokea kwa nadra, hasa karibu na WrestleMania. "Haiendelei," nikamwambia. "Atakwenda zake, tutamngoja mwakani."

"Na Lesnar akishinda?"

Hilo sikulijibu. Nilimwambia kitu ambacho sote tulikua tukikisema mbele ya kila filamu: stelingi hafi. Akaniangalia, akasema polepole, "Mzee amechoka, kaka. Mwaka ule na Triple H si alishinda, halafu akatolewa kwa kigari?" Kisha akainama akaandika Lesnar, herufi ndogo ndogo, kama mtu anayeandika asichotaka kisomwe.

Bryan alifungua usiku kwa kumpiga Triple H, na sebule yetu ikawa na vidole vinne hewani, kelele tukizimeza. Mapambano yaliyofuata niyapite. Mkeka wangu ulikuwa unaenda vizuri, isipokuwa ule msongamano wa watu wengi wa kombe la André the Giant, ambamo Cesaro alimnyanyua Big Show, mtu mzima mwenye uzito wa gari dogo, akamtupa nje. Wote wawili tulikosea pale na hatukujali.

Kisha taa zikazimika na kengele ikalia.

Sitasema pambano lilikuwa zuri. Lilikuwa zito, la kuvuta pumzi, na Undertaker alionekana kana kwamba anafikiri kabla ya kila hatua. Baadaye tulikuja kusoma kwamba alipata mtikisiko wa ubongo mle ulingoni na alipelekwa hospitali usiku ule, lakini wakati huo mimi niliona ni stori tu, ni uzito wa mzee anayejikusanya kwa mara ya mwisho. Lesnar akambwaga F-5, mzee akainuka kabla ya hesabu ya tatu. Akambwaga ya pili, mzee akainuka tena. Naye akampiga Lesnar Tombstone, lile pigo lake la kumbwaga mtu kichwa chini, na Lesnar akainuka. Nikamgusa mdogo wangu bega: sasa hivi. Undertaker akambeba tena kwa Tombstone ya pili, Lesnar akachoropoka, akajikuta na mzee mabegani, akamzungusha.

F-5 ya tatu. Mwamuzi akapiga mkono chini. Moja. Mbili.

Mpaka leo naukumbuka ule mkono wa tatu ukishuka, na nilivyongoja bega lipande. Halikupanda.

Muziki haukulia mara moja. Watu zaidi ya 75,000 na hakuna aliyezomea, hakuna aliyeshangilia. Kulikuwa na uvumi tu kama wa upepo. Kamera ikapita kwenye nyuso: mwanamume kashika kichwa kwa mikono miwili, mwingine mdomo wazi na macho yamemtoka. Heyman mwenyewe macho yalikuwa kama ya mtu aliyeona jini. Halafu kwenye skrini kubwa zikatokea tarakimu, 21-1, na ndipo nilipoamini. Ile moja ilinichoma kuliko pambano zima. Kwa muda wote wa maisha yangu ya kutazama, upande ule wa kulia palikuwa na sifuri.

Nilipogeuka, mdogo wangu alikuwa analia. Yeye aliyeandika Lesnar, aliyekuwa amepata, ndiye aliyekuwa analia, kiganja kimefunika mdomo asisikike. Undertaker aliinuka peke yake, akakaa kidogo katikati ya ulingo, akaanza kupanda ile njia ndefu ya kutokea. Tulimtazama mpaka alipopotea. Pambano la wanawake lililofuata sikuliona, ingawa macho yalikuwa kwenye skrini, na uwanja nao ulikuwa kimya vile vile. Niliwahurumia wale wanawake. Hakuna kazi ngumu kama kupanda jukwaani baada ya msiba.

Bryan ndiye aliyetufufua. Walimvunjia meza ya watangazaji mgongoni, wakamlaza kwenye machela, akashuka kwenye machela na kurudi. Mwishowe alimkaba Batista mpaka Batista akagonga kukubali, na karatasi za rangi zikamwagika kutoka juu. Nilifurahi kwa dhati, koo bado limekaza. Asubuhi ilikuwa inaingia dirishani. Mdogo wangu alichukua kalenda, akatia alama ya vema kwenye Lesnar wake, akairudisha mezani bila kuniangalia.

Sikupata usingizi. Nililala chali nikilirudia lile swali lake. Kesho yake kutatokea nini? Mimi nilikuwa mtu wa kusoma stori kwa kurudi nyuma: deni gani halijalipwa, nani alimpiga nani wiki jana. Kwa Bryan ilinitosha, kwa sababu kwake madeni ya nyuma na njia ya mbele vilielekea upande mmoja. Kwa Undertaker, nyuma kulikuwa na kila kitu na mbele hakukuwa na kitu. Ushindi wa 22 ungewekwa juu ya ule wa 21 na kufunikwa. Kushindwa kwake kulikuwa mali, na Lesnar ndiye aliyekabidhiwa. Mdogo wangu aliliona hilo huku akitamani lisitokee. Mimi nilitamani, kisha nikaita matamanio yangu kanuni.

Agosti 17 mwaka ule ule tulitengeneza mkeka mwingine, wa SummerSlam ya Los Angeles. John Cena, bingwa, dhidi ya Brock Lesnar, ambaye Heyman alikuwa amezunguka naye miezi yote akimtangaza kama mtu aliyemaliza kisichomalizika. Zamani ningeandika Cena bila kuvuta pumzi, stelingi wa mastelingi, tena aliyekwisha kumpiga Lesnar. Safari hii nilishika kalamu nikamuuliza mdogo wangu.

"Cena akishinda, kesho yake?"

"Ile ya New Orleans inakuwa imepotea bure," akasema.

Tukaandika Lesnar, safu zote mbili. Na bado hatukuwa tayari kwa tulichokiona. Lesnar alimshika Cena kiunoni kwa nyuma, akamnyanyua na kumbwaga kisogoni, akamwinua, akambwaga tena. Mdogo wangu akaanza kuhesabu kwa sauti ndogo, kidole kimoja kikigonga goti lake. Saba. Nane. Cena hakuwa anapigana tena, alikuwa anabebwa. Kumi na mbili. Nilimwona akiacha kutazama skrini na kuhesabu kwa kusikia vishindo tu. Kumi na tano.

"Kumi na sita," akasema, na Lesnar akambeba Cena mabegani kwa F-5 ya mwisho.