Ile pensheni yangu ya zamani

Juzi napanga makaratasi, nikakuta bahasha ya pensheni binafsi niliyoanza kuchangia 1998, nikifanya usafi wa maofisi hapa Reading, Uingereza. Pauni 25 kwa mwezi, miaka mitano tu, nikaisahau. Leo ina pauni 6,400. Nilikaa chini.

Nina miaka 58. Kwa sheria ya Uingereza, pensheni isiyozidi pauni 10,000 unaweza kuichukua yote kwa mkupuo. Robo, yaani 1,600, haikatwi kodi. Zile 4,800 zinakatwa asilimia 20, hivyo 960 zinaondoka. Inauma.

Nikapiga simu Pension Wise, huduma ya serikali ya kuelekeza watu kuhusu pensheni, ni bure kwa waliofika miaka 50. Dada wa watu akaniambia nisisaini kwanza, niangalie kama mkataba una kiwango cha malipo ya uzeeni kilichohakikishwa, maana mikataba mingi ya zamani inacho na ukitoa hela unakipoteza. Nikavaa miwani, nikasoma ukurasa kwa ukurasa. Wangu hauna.

Mume wangu alitaka tuiache ikue. Lakini mama yuko Tanga, ana miaka 83, bati limeoza juu ya kitanda chake. Naichukua. Fomu naiposti kesho.