Sokwe wa porini kwetu, wale walio nje ya hifadhi

Mwezi wa tisa nilienda kwa baba mdogo, huko milimani upande wa Mwese ukitokea Mpanda, magharibi mwa Tanzania, nikakaa siku nne. Baba mdogo ni skauti wa msitu wa kijiji na porini ndo kwake tangu nikiwa mtoto, safari hii nikambembeleza aniruhusu niongozane nao doria maana nimekua nasikia sauti za sokwe kwa mbali ila hata wanapolala sijawahi kupaona.

Tulitoka saa kumi na moja alfajiri, tukapanda mlima tukashuka tukapanda tena, jua likawaka, miti ya miombo yote imepukutisha majani na kwingine moto ulishapita yamebaki majivu tu, afu tukateremka kwenye korongo lenye maji ambako miti bado iko kijani. Baba mdogo akasimama. "Mwanangu, tazama juu." Nikatazama sioni kitu. Akaninyooshea kidole, kimoja hiki, kingine kile, mpaka tukafikisha viota sita kwenye miti mitatu.

Jamani kiota cha sokwe ni kitanda kabisa. Matawi yamekunjwa kuja katikati, yamevunjwa nusu yasikatike, yakakanyagwa yakashikana, afu juu vikatandikwa vitawi laini vyenye majani kama unavyotandika godoro. Kimoja majani yake yalikuwa bado mabichi, na chini yake kinyesi kina mbegu za mbula, yale matunda ya porini, mbula hizi hizi tunazookota sisi tukiwa wadogo. Mkojo bado unanuka. Amelala hapa jana, baba mdogo akaninong'oneza, tukakaa kimya tunasikiliza muda mrefu sana.

Hapo ndo nikaelewa kwanini watafiti wanahesabu viota. Sokwe akishaacha kunyonya anajitengenezea kitanda chake kila jioni, mtoto analala na mama yake, kwahiyo ukipita mstari ulionyooka ukahesabu viota, na ukajua kiota kinachukua siku ngapi mpaka kisambaratike, unaweza kukadiria sokwe wako wangapi bila kuwaona. Na kuwaona ni kazi kweli, kwenye miombo chakula kimetawanyika na wao wametawanyika hivyo hivyo, kundi moja linazunguka eneo kubwa mno kuliko makundi ya hifadhi ya Gombe.

Ukitaja sokwe watu wengi wanawaza Gombe, ambako mama Jane Goodall alifika 1960, au Mahale. Lakini Tanzania nzima inakadiriwa ina sokwe 2,000 na kitu, na karibu robo tatu yao wanaishi nje ya hizo hifadhi mbili. Yaani wako Masito, wako Ugalla, wako Ntakata, kwenye misitu ya vijiji na ya halmashauri na mapori ambayo hayana geti wala askari wa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Sokwe hawa wameorodheshwa dunia nzima kuwa wako hatarini kutoweka, na wengi wa hapa kwetu wanategemea mkutano mkuu wa kijiji umeamua nini.

Huku kwetu watu wengi hawali nyama ya sokwe. Anayeenda kumtega sokwe ni nadra, mtu anatega tanzi ya waya apate swala au nguruwe pori, sokwe anapita anatia mkono, waya unakaza mpaka vidole vinakatika. Na zaidi ya tanzi ni msitu wenyewe unaisha: mtu anafyeka korongoni maana ndo kwenye rutuba na maji, mwingine anaswaga ng'ombe mia mbili kutafuta malisho, tumbaku nayo inataka kuni za kukaushia, na kuna miaka mkurungu, mti wa mbao, ulikatwa kwa fujo mpaka usiku unasikia misumeno. Korongo likifyekwa kundi hili halifiki tena kwa kundi lile. Na sokwe jike anazaa mtoto mmoja, anakaa miaka mitano sita ndo azae tena, sasa wakipungua kumi hao kumi utawarudisha lini?

Siwalaumu wanaotafuta shamba, nimesomeshwa na mahindi mimi. Ila nimeona pia vijiji vya wilaya ya Tanganyika, kina Mwese, Lugonesi na wenzao, vimetenga misitu yao kwenye mpango wa matumizi ya ardhi vikawa vinalipwa hela ya kaboni, yaani malipo ya kuacha msitu usimame utunze hewa ukaa, na hela hiyo inajenga madarasa na zahanati na inawalipa maskauti kama baba mdogo. Sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999 na ile ya misitu ya 2002 zinaruhusu kijiji kufanya hivyo. Wasiwasi wangu ni mapori ya katikati, ambayo hakuna kijiji kinachoyasimamia na kila mwenye panga anayaona hayana mwenyewe.

Jioni ya mwisho tumekaa nje tunakula, kutoka ng'ambo ya bonde ikaanza sauti moja, huu, huu, ikapanda, wakaitikia wengine mpaka ikawa kelele moja ndefu, afu kimya. Shangazi akaacha kusonga ugali. Asubuhi yake, bonde lile lile, nikasikia kengele za ng'ombe. Baba mdogo akavaa buti akachukua simu ampigie mwenyekiti, akaondoka bila kunywa chai.