Panja zangu, kisogo changu, na kwa nini nilichagua kukatwa ukanda wa ngozi ili nipandikize nywele

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2001. Miaka minne ya kunyolewa kipilipili kila mwezi ilikuwa imekwisha, na nywele zilipofika urefu wa kushikika mama alinipa hela ya saluni. Nikasuka rasta nyembamba kama uzi, zikavutwa mpaka nyusi zikapanda. Usiku ule nilimeza Panadol mbili nikalala kifudifudi, na asubuhi nilipojitazama kwenye kioo nikajiona nimekuwa mtu mzima.

Nilisuka hivyo kwa miaka kumi na minane. Kila baada ya miezi mitatu niliweka dawa ya kulainisha, kisha rasta zikarudi juu ya nywele zilezile zilizokwisha kudhoofishwa na dawa. Vipele vyenye usaha vilitoka pembeni ya paji la uso, na msusi akasema, "Vumilia dada, zitalegea." Kweli zililegea, kwa sababu zilikuwa zinang'oka. Kufikia mwaka 2019 panja zangu ziliingia vidole vitatu kila upande, mimi mwanamke wa miaka thelathini na mitano, mwalimu wa Kemia hapa Tanga. Siku moja nilikuta ubaoni mchoro wa kichwa chenye komwe kubwa. Niliufuta, nikaandika tarehe, nikaendelea na somo. Tangu siku hiyo, kwa miaka, sikuingia darasani bila kilemba.

Naandika haya kwa sababu kila wiki dada zangu wawili watatu hunitumia matangazo ya kupandikiza nywele wakiniuliza ipi ni njia nzuri: FUE, FUT, DHI, wembe wa yakuti, roboti. Mimi mwenyewe nilipotea katika majina hayo karibu mwaka mzima. Kilichonitoa ni mambo mawili: kujua ni ugonjwa gani ulioziondoa nywele zangu, na kujua nywele zangu zinapinda vipi chini ya ngozi.

La ugonjwa nililipatia Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC tangu mwaka 1992. Nilikwenda nikiwa na orodha ya kliniki kwenye simu. Daktari hata hakuitazama. Alinivua kilemba, akainamisha taa, akanionyesha kwa kioo msitari mwembamba wa vinywele vifupi uliobaki mbele kabisa, kule paji linapoanzia, na nyuma yake ngozi tupu. "Mwalimu, huo msitari ndio unaonieleza kwamba hizi zilivutwa," alisema. Hata hivyo alinikata kipande kidogo cha ngozi kikapimwe, maana upo ugonjwa mwingine unaowapata sana wanawake wa Kiafrika, unaoanzia utosini na kusambaa kama duara, huku ukigeuza vinyweleo kuwa kovu chini kwa chini. Mwaka 2019 watafiti waliuhusisha na kasoro za jeni iitwayo PADI3, kwa hiyo si kila anayeupata amejitakia kwa kusuka. Ukipandikiza nywele juu ya ugonjwa huo ukiwa bado unaunguza, nazo zitaungua. Kliniki inayokukadiria bei kwa picha ya WhatsApp bila kukuuliza habari ya utosi inakutendea vibaya, na hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu mwalimu mwenzangu ana tatizo hilo la utosi na alikuwa amekwisha kulipa nusu ya fedha. Alizidai, na namshukuru Mungu zilirudi.

Majibu yangu yalisema ni mvuto tu. Daktari aliniambia pia kwamba siko peke yangu: utafiti wa Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake huko Cape Town, uliochapishwa mwaka 2007, ulikuta karibu theluthi ya wanawake waliochunguzwa wana upotevu huu wa nywele, asilimia 31.7. Nililia pale pale. Miaka yote nilidhani nina laana yangu peke yangu.

Nikaambiwa nisubiri mwaka mmoja: bila rasta, bila dawa ya kulainisha, nipake minoksidili, dawa ya kuotesha nywele, nipige picha kila miezi miwili nikiwa nimesimama dirishani palepale. Panja ya kulia ilirudisha kiasi. Ya kushoto ngozi yake ilikuwa laini na inang'aa, hata matundu ya vinyweleo hayaonekani, na ngozi ya namna hiyo haioti tena kwa kupaka chochote. Mafuta ya nyonyo, maji ya vitunguu, vyote nilivijaribu kabla. Kinyweleo kikishakuwa kovu hakifufuki. Hapo ndipo kupandikiza kunapokuwa na maana.

Msingi wa kazi yenyewe ni wa zamani. Norman Orentreich, daktari wa ngozi wa New York, aliandika mwaka 1959 kwamba nywele ikihamishwa hufuata tabia ya kule ilikotoka. Za kisogoni zikihamia mbele huendelea kuishi kama za kisogoni. Wakati ule walihamisha vipande vinene, vikaota mafungumafungu kama nywele za mwanasesere. Leo huhamishwa kifungu kimoja kimoja kama kilivyoumbwa, chenye nywele moja hadi nne.

Sasa hayo majina. Njia za kutoa nywele ni mbili tu. Ya kwanza ni FUT, ambayo mimi naiita njia ya ukanda: hukatwa ukanda mwembamba wa ngozi kisogoni, pakashonwa, ukanda ukapelekwa mezani ambako watu wenye darubini huuchambua kifungu kwa kifungu. Kazi hiyo ya darubini ilianzishwa na Bobby Limmer huko Texas mwishoni mwa miaka ya 1980. Hubaki kovu la msitari. Ya pili ni FUE: kitobozi cha duara chenye upana wa kama milimita moja hutoboa kuzunguka kila kifungu, kikavutwa chenyewe, na kubaki vidoa vidogo vilivyotawanyika. Hiyo ilienea baada ya makala ya madaktari Rassman na Bernstein ya mwaka 2002.

DHI, pamoja na kelele zake zote, ni habari ya kupanda. Ni kalamu yenye sindano inayochoma na kusukuma kipandikizi kwa pamoja, chombo kilichotokana na kazi ya madaktari wa Korea. Nywele zenyewe huwa zimetolewa kwa kutoboa, vilevile kama FUE. Wembe wa yakuti nao ni wa kufungulia vijitundu vya kupandia. Roboti kazi yake hasa ni kutoboa. Basi mtu akinipa jina la njia mimi humuuliza: mtazitoaje? Kwa nywele zetu, hatari kubwa ipo kwenye kutoa.

Chukua unywele wako mmoja wa kipilipili. Unavyojikunja juu ya ngozi ndivyo na mzizi wake unavyopinda chini ya ngozi, kama ndoano. Kitobozi kinashuka moja kwa moja, hakipindi. Kwa nywele iliyonyooka, kikishashika mwelekeo wa juu kitafika chini salama. Kwa yetu, juu unaona inaelekea kushoto, kumbe chini imezunguka kulia, na kitobozi kinaukata mzizi katikati. Kipandikizi kilichokatwa mzizi kinaweza kisiote kabisa, na kule kisogoni nako huenda kisirudi. Unaweza kupoteza pande zote mbili. Kwenye ukanda, yule mwenye darubini anauona mpindo kwa macho yake na anaufuata kwa wembe. Wapo madaktari wanaozitoboa nywele zetu vizuri, kwa vitobozi vipana kidogo au vyenye umbo maalumu, na kwa mwendo wa polepole. Huyo mwombe akutoboe vifungu vichache kwanza, avitazame kwenye darubini mbele yako na kukuhesabia vingapi vimekatika. Akikataa, ondoka.

Kaka yangu hakuwa na mtu wa kumwambia haya. Yeye upara wake ni wa kurithi, wa baba na babu, na anakaa nywele fupi, kwa hiyo FUE ndiyo iliyomfaa: msitari wa kovu ungeonekana siku zote. Njia ilikuwa sawa, mikono ndiyo haikuwa sawa. Alisafiri nje kwa kifurushi, hoteli na gari la uwanja wa ndege ndani yake. Daktari alimwona dakika chache, akamchorea msitari kwa kalamu, akatoka. Wasaidizi wakatoboa siku nzima. Aliahidiwa vipandikizi 3,000. Mbele vimeota vya kuhesabika, na kisogo chake leo ni kama kanga iliyotafunwa na mende. Madaktari wa fani hii duniani wameitenga tarehe 11 Novemba kuwa siku ya kuwasaidia watu walioharibiwa namna hiyo, kwa hiyo walioumizwa ni wengi. Kaka yangu ni mtu wa watu, mcheshi, na sasa hatoki bila kofia. Inaniuma kuliko panja zangu zilivyowahi kuniuma.

Kwangu mizani ilielemea ukanda. FUE kwa kawaida hutaka kisogo kinyolewe chini kabisa, na mimi sikuwa tayari kurudi kipara cha bweni katika umri huu. Kwa ukanda hunyolewa ule msitari tu, nywele za juu zikaufunika siku hiyohiyo. Nilihitaji vipandikizi chini ya 1,000, maana nywele inayojikunja hufunika eneo kubwa kuliko iliyonyooka. Na mimi sinyoi, basi kovu la kisogoni litaonwa na nani?

Palibaki hofu ya keloidi, lile kovu linalovimba na kukua kupita jeraha lenyewe. Daktari wa Johannesburg niliyemchagua alilichunguza kovu langu la chanjo begani, matundu ya masikio, kisha akaomba kuona kovu la upasuaji wa uzazi wa mwanangu wa pili. Lote bapa, limefifia. Dada yangu mkubwa, tumbo moja, ana keloidi ya ukubwa wa karanga sikioni, na hilo nalo nilimwambia. Alifikiri kwa muda, akasema ushahidi bora ni mwili wangu mwenyewe, ila hatari haijafutika, nitie sahihi nikijua hilo. Nilitia.

Nilikwenda likizo ya Juni 2024 kwa mkopo wa SACCOS na akiba ya miaka mitatu. Sindano za ganzi ziliuma kuliko nilivyoambiwa, dakika kumi hivi za kung'ata meno, kisha hakuna. Ukanda ulikuwa sentimita 16 kwa moja. Nililetewa niuone kwenye sahani: kitu kidogo sana, kama ganda la muwa. Wanawake wanne waliinamia darubini kwa saa tatu, na daktari mwenyewe ndiye aliyefungua kila kijitundu, akilaza wembe karibu na ngozi ili nywele zielekee pembeni kama za mwanzo. Mbele kabisa viliwekwa vifungu vya nywele moja moja, vya mbilimbili na tatu nyuma yake. Jumla 980. Nilimwomba anishushie paji kidogo. Alikataa, akasema panja zirudi zilipokuwa, basi.

Siku ya tatu uvimbe ulishuka machoni nikawa siwezi kufungua jicho la kushoto. Ya kumi na mbili nyuzi zilitolewa. Wiki ya nne nywele zote zilizopandwa zilidondoka juu ya mto. Nilikuwa nimeonywa, najua kwamba unywele huanguka na mzizi ukabaki umelala, na bado nilikaa kitandani nikizikusanya kwa kiganja. Mwezi wa nne tangu upasuaji vikatokea vinyoya. Mwezi wa tisa niliingia kidato cha tatu B bila kilemba, nikafundisha elektrolisisi, na hakuna aliyesema kitu.

Sasa ni mwezi wa kumi na nne. Panja ya kulia imejaa. Ya kushoto, yenye kovu zaidi, ina upungufu karibu na sikio, na huenda nikahitaji vipandikizi mia moja na kitu baadaye. Daktari anataka tufike miezi kumi na minane kwanza. Kisogoni pana sehemu ya ukubwa wa shilingi ambayo ganzi yake haijaisha vizuri, nikipitisha kitana naisikia kwa mbali.

Nasuka mabutu makubwa tu, sita au saba, na nywele za mbele zinaachwa nje. Msusi wangu mpya, binti wa mtaa wa pili, alishangaa mara ya kwanza akidhani namdharau. Nikamshika kidole nikakipitisha kwenye ule msitari wa kisogoni, kutoka mwanzo hadi mwisho.