Chungu Nilichokisugua

Sensei, yaani mwalimu wangu, aliniambia nikipanguse chungu. Mimi nikakisugua.

Ilikuwa Oktoba 2017, Omiya, kaskazini ya Tokyo, katika mtaa wenye bustani za bonsai, miti inayokuzwa vyunguni ibaki midogo. Wakuzaji wa miti hiyo waliuanzisha mwaka 1925, baada ya tetemeko kubwa la 1923 kuwavuruga kule Tokyo, na walijiwekea masharti ambayo mimi, mtoto wa Lamu, niliyapenda mara tu niliposimuliwa. Anayehamia awe na miti isiyopungua 10, nyumba isiwe ya ghorofa, ua uwe wa miti hai, na lango libaki wazi kwa yeyote apitaye. Lango la Sensei lilikuwa wazi kweli. Mwezi Aprili jiji la Saitama, ambamo Omiya imo, lilikuwa limepokea kongamano la bonsai la dunia, nami, mwanafunzi mgeni mwenye hamu ya kujua, nilianza kupitapita mtaa ule hadi nikaingia kwake. Kufikia Oktoba nilikuwa namwagilia miti yake kila Jumamosi.

Wiki ile bega lake liliteguka, na Jumapili alikuwa na mgeni, rafiki yake wa tangu ujanani. Msonobari wake mkongwe ulipaswa kuwekwa kwenye tokonoma, kishubaka cha maonyesho katika chumba cha wageni, kwa heshima ya mgeni huyo, naye hakuweza kunyanyua hata birika la chai. "Niazime mikono yako," aliniambia.

Tokonoma nilipoiona mara ya kwanza nilisema moyoni, hiki ni kidaka. Nyumba ya bibi yangu ina zidaka ukuta mzima, na kila kimoja kina chake, bakuli za Kichina, chupa za marashi, msahafu juu kabisa. Hakuna kilichoachwa kitupu. Tokonoma ni kidaka kimoja tu, kikubwa, sakafu yake imeinuka kidogo juu ya mikeka ya tatami, na siku nyingi nilikikuta hakina kitu.

Basi nikaubeba mti hadi penye bomba la nje. Ulikuwa goyomatsu, msonobari ambao sindano zake huota tano tano, shina limepinda kuelekea kushoto kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya chumba cha pili. Chungu kilikuwa cha udongo wa kahawia usiopakwa rangi ya kung'aa, kazi ya mji wa Tokoname, na mimi nilikiona kichafu. Kwetu mgeni akitarajiwa vyombo husuguliwa kwa makumbi na mchanga mpaka uso wako uonekane ndani yake. Nikachukua brashi. Upande wa mbele ulipotoka mwekundu, safi, kama umetoka tanuruni jana, nilifurahi sana.

Sensei alitoka, akasimama. Hakusema neno. Akainama kwa taabu, akapitisha kidole gumba pale niliposugua, kisha pale ambapo sikuwa nimefika, akaniashiria nifanye vilevile. Niliposugua palikuwa pakavu, pa kukwaruza, kama kigae cha paa. Kwingine kidole kiliteleza. Palikuwa na ulaini wa punje za tasbihi ya bibi, ule unaotokana na kushikwa miaka na miaka, na rangi yake ilikuwa nzito, imeingia ndani.

"Hii ni mvua," akasema. "Na jua, na mikono." Alikinunua mwaka aliozaliwa binti yake, na binti huyo sasa alikuwa na watoto wa sekondari.

Nilikuwa nimesugua umri. Rangi ile ndiyo inayofanya chungu cha zamani kithaminiwe kuliko kipya, na kitambaa chenye maji kingetosha. Nikamwambia sikujua. Akasema, "Naelewa."

Nikapendekeza tukigeuze, doa liwe nyuma. Haiwezekani, bonsai ina uso na ina kisogo, na huwezi kumpa mgeni kisogo. Nikapendekeza tuhamishie mti kwenye chungu kingine. Mizizi haiguswi wakati ule wa mwaka, tungengoja majira ya kuchipua. Nikapendekeza mti mwingine kabisa. Akatikisa kichwa. "Anakuja kuuona huu."

Tukaendelea. Nilichuma sindano zilizokauka, nikapunguza koke, ule uoto laini wa kijani unaofunika udongo. Ukutani tulitundika kakejiku, mchoro mrefu wa kukunja, na mchoro wenyewe ulikuwa mwezi tu, duara moja la wino. Nilikuwa nimeona kwenye kabati mwingine mzuri zaidi wenye misonobari, nikauliza kwa nini tusiuweke huo. "Msonobari uko mbele yako. Unautaka wa nini tena ukutani?"

Ndani ya tokonoma hukanyagi. Nilipiga magoti ukingoni, nikanyoosha mikono, nikauweka mti juu ya kimeza chake katikati kabisa. Nikasimama kutazama, nikaridhika. Sensei, aliyekuwa ameketi mahali pa mgeni, akasema, "Kaa chini."

Nilipoketi kando yake nikaona. Kwa macho ya aliyeketi, tawi la juu lilikuwa limeukata mwezi vipande viwili. Kisha mti wenyewe, uliopindia kushoto, ulikuwa unatazama ukuta kwa karibu mno. Tukausogeza kulia, vidole vitatu, kimoja, nusu. Kushoto tukaweka kisahani cha nyasi fupi zilizoanza kugeuka manjano, na kati ya nyasi na mti pakabaki pengo. Mara mbili nilijaribu kulipunguza, mara mbili akaniambia nirudishe. Ilichukua karibu saa nzima. Mwishowe mwezi ukawa umetoka, mti ukapata pa kutazama, na doa langu jekundu likawa mbele ya kila kitu.

Mgeni alifika Jumapili adhuhuri. Aliketi, akaweka viganja kwenye tatami, akainama mbele ya tokonoma kabla ya jambo lolote lingine. Akautazama mwezi, mti, nyasi. Kisha akainamia chungu. Nikasema kabla Sensei hajafungua kinywa, "Ni mimi, mzee. Mimi ndiye niliyekisugua."

Alinitazama, akarudi kukitazama chungu. "Nilikuwa nimeisahau rangi hii," akamwambia Sensei. "Ndivyo kilivyokuwa siku ile tulipokibeba kwenye treni." Wakaanza kuizungumza safari hiyo, nani alilipa nauli, nani alikipakata, na Sensei akacheka hadi akashika bega. Nilifurahi kwa ajili yao. Lakini sikufarijika, na mpaka leo, nikikumbuka kile kigae chini ya kidole changu, nasikia uzito.

Bonsai haikai ndani. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na msonobari ni vivyo hivyo, ukikosa jua na upepo unadhoofika. Jumatatu jioni nilirudi kuutoa. Nilipokuwa naupandisha kwenye rafu yake mvua ilianza, nikataka kuurudisha barazani. Sensei akaniita kutoka mlangoni, niuache.

Nikasimama chini ya ukingo wa paa. Udongo mkavu wa lile doa ulikunywa maji, ukakolea, na kwa muda wote wa mvua ile chungu kilikuwa na rangi moja.