Pointi zisizochomwa sindano, na bega linalosahaulika

Mtu anayeshusha lumbesa za viazi sokoni Mwanjelwa, Mbeya, kutwa nzima, au anayepanda kutoka bondeni Rungwe na mkungu wa ndizi kichwani, maumivu yake huanzia palepale: juu ya bega, kwenye nyama inayokaza kama kamba. Akienda kwa mtabibu wa akupancha, hizi tunazoziita sindano za Kichina, pointi (mahali pa mwili panapochomwa sindano) ya kwanza kuguswa huwa Jianjing. Iko katikati ya mstari unaotoka kwenye pingili inayochomoza chini ya shingo mpaka kwenye ncha ya bega. Ukiibonyeza kwa kidole gumba, mgonjwa mwenyewe atakwambia: hapohapo.

Chini ya hapohapo kuna ncha ya pafu. Mapafu hayaishii kwenye mtulinga kama wengi wanavyodhani. Ncha zake hupanda juu ya mfupa huo kwa sentimita 2 hadi 3, na kwa mtu mwembamba nyama iliyopo kati ya ngozi na pafu ni chache sana.

Nimeanza na bega kwa sababu kila anayeulizia pointi za hatari hutaka orodha, na orodha maarufu inalitaja bega baadaye sana. Orodha yenyewe ni shairi. Tabibu wa Kichina Yang Jizhou aliliweka katika Zhenjiu Dacheng, kitabu cha mwaka 1601, ili wanafunzi walikariri. Linataja pointi 22 zisizopaswa kuingizwa sindano: Naohu kisogoni, Xinhui utosini, Shenting penye mstari wa nywele, Chengqi chini ya jicho, Shanzhong katikati ya kidari, Shenque ambayo ni kitovu chenyewe, Huiyin kati ya njia mbili za haja, Jimen pajani kwa ndani, Chengjin kwenye shavu la mguu, Shouwuli na Sanyangluo mkononi, na nyinginezo. Kisha linakuja suala la wajawazito. Kisha, kama mgeni aliyekumbuka neno akiwa tayari mlangoni, shairi linasema Jianjing ikichomwa kwa kina mtu huzimia. Mtilie nguvu haraka kwenye pointi ya Sanli, chini ya goti, naye atarudi sawa.

Hapo ndipo ninapogombana nalo. Aliyezimia kwa hofu au njaa atarudi sawa, hata bila Sanli. Aliyetobolewa pafu hatarudi sawa kwa sindano ya mguu.

Ajabu ni kwamba waliotangulia walilijua hili vizuri zaidi. Suwen, nusu ya kwanza ya Huangdi Neijing, kitabu cha kale cha tiba ya Kichina, ina takribani miaka 2,000, na sura yake ya 52 inahusu makatazo ya sindano. Sura hiyo haijishughulishi sana na majina ya pointi. Inasema ukigonga nini, kitatokea nini. Ukichoma shimo la juu ya mtulinga ukazama, hewa huvuja, mtu huhema na kukohoa. Ukichoma kifua ukagonga pafu, mtu hupumua kwa shida akiinua uso juu. Ukichoma kisogo sindano ikaingia ubongoni, kifo ni papo hapo. Ukigonga mshipa mkubwa wa paja, damu haikomi. Ukigonga mshipa mkubwa nyuma ya goti, mtu huanguka na rangi humtoka. Ukitoboa kibofu, mkojo humwagika ndani na tumbo la chini hujaa. Inahesabu hata siku za kuishi: moyo siku 1, pafu siku 3, ini siku 5, figo siku 6, bandama siku 10. Siku hizo usizichukulie kama saa ya ukutani, lakini ile habari ya hewa inayovuja juu ya mtulinga ni maelezo sahihi ya pafu lililoporomoka, na yaliandikwa kabla hata mashine ya picha za kifua haijawaziwa. Kwa maoni yangu mwanafunzi aanze na sura hiyo, shairi lifuate.

Majina bila sababu huchanganya. Chukua kitovu. Huangfu Mi, aliyekusanya kitabu cha Jia Yi Jing katika karne ya 3, anaeleza kwamba ukichoma kitovu hutokea kidonda kibaya, kinyesi kinatokea hapo, na mtu hufa bila dawa. Ni utumbo uliotobolewa huo, na ukuta wa tumbo ni mwembamba zaidi penye kitovu kuliko mahali pengine. Ongeza uchafu unaokaa kwenye mikunjo ya kitovu na sindano za enzi hizo. Lingshu, nusu ya pili ya Huangdi Neijing, inaorodhesha sindano aina 9: moja ilikuwa na umbo la upanga, upana wake robo ya cun (kipimo cha Kichina cha urefu), zaidi kidogo ya nusu sentimita, nyingine ilikuwa ndefu cun 7. Leo sindano ya kawaida ina unene wa milimita 0.25 na hutoka kiwandani ikiwa imeuawa vijidudu. Hata hivyo kitovu hakichomwi mpaka leo, ila hupashwa moto. Kinajazwa chumvi kavu mpaka kisawazike na ngozi, juu yake kipande cha tangawizi kilichotobolewa vitundu, kisha kichungu kidogo cha moksa, yaani majani makavu ya jamii ya pakanga yaliyosagwa kama pamba. Tangawizi haiwekwi kwa urembo. Chumvi ikipata moto wa moja kwa moja huruka na kuunguza ngozi.

Shuifen, juu kidogo ya kitovu, ilikatazwa kwa sababu nyingine: walisema mwenye tumbo lililojaa maji akichomwa hapo, maji yakiisha naye anaisha. Anayejua hatari ya kutoa maji mengi ya tumbo kwa mkupuo ataelewa hofu hiyo ilitoka wapi. Chuchu, Ruzhong, haichomwi wala haichomewi moksa. Ni alama tu ya kupimia pointi za jirani. Kwa upande mwingine, Chengjin, Sanyangluo na Shouwuli huchomwa kila siku katika kliniki za sasa, alimradi ateri inakwepwa. Anayezikwepa kwa sababu ya shairi peke yake hakosei, ila asidhani amemaliza kazi ya usalama.

Shanzhong ndiyo inayonifanya niliheshimu shairi. Iko juu ya mfupa wa kidari, katikati ya chuchu mbili, na mtu atasema: mfupa mgumu hivi, sindano itapita wapi? Takribani watu 5 katika kila 100 huzaliwa na tundu kwenye mfupa huo, na nyuma yake kuna moyo. Kwa kidole hulisikii, maana limezibwa na utando. Mwaka 1995 ilichapishwa taarifa ya kitabibu kutoka Norwei ya mgonjwa aliyekufa kwa njia hiyohiyo: sindano ilipita kwenye tundu, damu ikajaa kwenye mfuko wa moyo, moyo ukashindwa kupiga. Kwa hiyo hapo sindano hulazwa chini ya ngozi, cun 0.3 hadi 0.5, sambamba na mfupa. Wima, hapana.

Macho na shingo nitayapitia haraka, kwa kuwa si sehemu za kujaribia. Chini ya jicho sindano huingia taratibu kati ya mboni na ukingo wa mfupa, haizungushwi, haipandishwi wala kushushwa, na ikitoka pabonyezwe kwa pamba kwa dakika kadhaa, la sivyo jicho litavilia damu. Fengfu na Yamen, nyuma ya shingo, zimekaa nyuma ya shina la ubongo: sindano huelekezwa chini, upande wa taya, wala isielekee juu hata kidogo. Xinhui ya mtoto ambaye utosi wake bado unadunda haiguswi. Nukta.

Sasa turudi begani. Vitabu huandika kina cha cun 0.5 hadi 0.8 kwa Jianjing. Cun ya kutafutia pointi mwilini hupimwa kwa mwili wa mgonjwa mwenyewe: upana wa kidole gumba chake kwenye kiungo, au vidole vinne pamoja kwa cun 3. Mtabibu mwenye gumba pana akijipimia kwa mkono wake juu ya binti mwembamba, tayari amekwishazidisha. Njia salama ni kuubana msuli kwa mkono wa kushoto, kuuinua utengane na kifua, kisha kupitisha sindano ndani ya nyama iliyoinuliwa, kutoka mbele kwenda nyuma. Tumia sindano ya milimita 25, siyo ya 40. Fupi hupunguza uwezekano wa kufika isikotakiwa. Mgongoni, kwenye pointi zilizo cun 1.5 kutoka uti wa mgongo, sindano iinamishwe kuelekea uti huo. Kwenye mstari wa cun 3 wima haina nafasi kabisa: kwa mtu mwembamba pafu linaweza kuwa milimita 10 hadi 20 tu chini ya ngozi.

Kwetu nyanda za juu kuna jambo ambalo vitabu havilitaji: baridi. Njombe mwezi Juni au Julai mgonjwa hatetemeki tu, anaomba blanketi. Ukimfunika juu ya sindano za mgongo, uzito wa blanketi unazisukuma ndani. Washa hita ya chumba mapema, funika miguu, mgongo uache wazi. Wala usichome juu ya sweta, maana kina hutakiona tena.

Vitabu pia hudhani viungo vya ndani viko mahali pake. Mtu wa Kyela aliyeugua malaria miaka na miaka anaweza kuwa na bandama lililovimba mpaka likachungulia chini ya mbavu za kushoto, na hapo Zhangmen, kwenye ncha ya ubavu wa kumi na moja, si mahali pa sindano ya wima tena. Papasa tumbo kwanza. Mchimbaji wa dhahabu wa Chunya mwenye mapafu yaliyoumizwa na vumbi, au aliyewahi kuugua kifua kikuu, akitobolewa hata padogo ataelemewa kuliko mwingine. Tumbo la chini, mgonjwa aende haja ndogo kabla ya kulala kitandani.

Kwa wajawazito zinazokatazwa ni Hegu kati ya gumba na shahada, Sanyinjiao cun 3 juu ya kifundo cha ndani cha mguu, Jianjing yenyewe, Kunlun na Zhiyin, pamoja na tumbo la chini na kiuno. Katazo hili linaegemea simulizi ya karne ya 5 ya tabibu Xu Wenbo, anayesemekana alitoa mimba kwa kuchoma Hegu na Sanyinjiao ili mtawala asimpasue mama tumbo kwa udadisi. Ushahidi wa leo kwamba pointi hizo huharibu mimba ni dhaifu, lakini hakuna maumivu ya kichwa yasiyo na pointi nyingine. Zhiyin, kwenye kidole kidogo cha mguu, ina kichekesho chake: haichomwi, ila hupashwa moksa miezi ya mwisho mtoto akiwa amekaa matako chini, na mkunga akiwa na habari.

Kuna na hali ya mtu mwenyewe. Sura ileile ya 52 inakataza kumchoma mlevi, mwenye hasira, aliyechoka sana, aliyetoka kula, mwenye njaa, mwenye kiu, aliyeshtuka. Msimu wa ulanzi Iringa sharti la kwanza pekee litawarudisha wengi nyumbani. Lingshu inaongeza kwamba aliyekuja kwa gari alazwe kwanza kwa muda wa mlo mmoja, na aliyekuja kwa miguu akae muda wa kutembea li 10 (li ni kipimo cha Kichina cha umbali), karibu saa nzima. Aliyeteremka mlima tangu alfajiri bila hata uji, akichomwa akiwa ameketi, ataanguka na sindano zikiwa mwilini. Alazwe.

Sindano ya akupancha haina tundu kama ya bomba, na wapo wanaodhani kwa hiyo haibebi damu. Inabeba. Njombe, Iringa na Mbeya ni mikoa inayoongoza nchini kwa maambukizi ya VVU, na homa ya ini B ipo pia. Pakiti ifunguliwe mbele yako, sindano itumike mara moja, iishie kwenye boksi la usalama. Zihesabiwe zinapoingia na zinapotoka. Cheti cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, omba ukione.

Ukichomwa bega, kifua au mgongo wa juu, halafu upande mmoja wa kifua ukauma, kikohozi kikavu kikaanza na pumzi ikapungua, hata kama ni saa kadhaa baadaye, nenda hospitali yenye picha ya kifua na useme wazi kwamba ulichomwa sindano, na wapi. Wengi hulificha hilo, daktari akaanza kutafuta nimonia. Na kama ulichomewa Dar es Salaam, usipande basi la Mbeya kwanza: hewa iliyonaswa kifuani hutanuka kadiri unavyopanda, na kutoka usawa wa bahari mpaka mita 1,700 itaongezeka kwa zaidi ya moja ya tano. Utakapoanza kuisikia vizuri, basi litakuwa katikati ya kona za mlima Kitonga.