Bayleaf, nyumba ya mwaloni

Jamani, hatimaye nimefika Singleton, West Sussex, Uingereza, kuiona Bayleaf, nyumba ya mkulima iliyojengwa Kent mwanzoni mwa karne ya 15. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ilifumuliwa boriti kwa boriti kupisha bwawa la Bough Beech, ikasimamishwa upya kwenye makumbusho ya hapa Singleton.

Kilichonishika ni maungio. Ncha ya boriti ya mwaloni imechongwa ulimi, ukaingizwa kwenye tundu la nguzo, kisha kigingi cha mti kikapigiliwa kupita vyote viwili. Kati ya nguzo ni fito zilizosukwa na kukandikwa udongo wenye samadi na majani makavu. Mtu wa Handeni hapo hashangai kitu!

Moto unawashwa katikati ya ukumbi, dohani hakuna, moshi unajitafutia njia paani. Madirisha hayana vioo, ni nondo za mbao tu. Baridi ile mimi siiwezi.

Ila choo ndicho kilichonichekesha: kijumba kimening'inia ghorofani, pembeni mwa chumba cha mwenye nyumba, mzigo unadondoka nje moja kwa moja. Pita mbali na ukuta ule 😂