Bili moja, mifuko miwili: tulivyolipia makao ya mama Minnesota

Bili ya makao ya wazee ilikuja na tarakimu moja tu: dola 5,400 kwa mwezi. Mama anapokea Social Security, pensheni ya serikali ya Marekani, ya dola 1,140. Pengo ni dola 4,260, na ukiliangalia hivyo hivyo lilivyo hutapata pa kulishika. Kwa hiyo jambo la kwanza nililofanya ni kuwaomba wanichambulie bili hiyo kwa maandishi. Chumba na chakula vilikuwa 2,300, kumhudumia (kuoga, kuvaa, kwenda msalani, kuamkiwa usiku) 2,650, kumpa dawa 450.

Mgawanyo huo ndio ufunguo. Katika makao ya usaidizi kama haya (mzee anaishi na kusaidiwa shughuli za kila siku, si makao ya uuguzi), Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato na mali kidogo, inaweza kulipia huduma, lakini hela ya serikali kuu hairuhusiwi kulipia chumba wala chakula. Kila upande wa bili una mlango wake, na ofisi ya kaunti haitakupangia hilo usipouliza.

Medicare, bima ya afya ya wazee ya serikali kuu, usiipotezee muda. Inalipia makao ya uuguzi hadi siku 100 baada ya kulazwa hospitali siku tatu, mgonjwa akihitaji uuguzi wa kitaalamu au mazoezi ya tiba, na hailipii kabisa kuishi kwenye makao ya usaidizi. SSI nayo, posho ya serikali kuu kwa wazee wenye kipato kidogo, mwaka 2025 ilikuwa hadi dola 967 kwa mwezi kwa mtu mmoja. Ukitoa dola 20 za kipato zisizohesabiwa, mama anabaki na 1,120, kwa hiyo amepita mpaka na hapati kitu.

Upande wa huduma tuliomba Elderly Waiver, mpango wa Medicaid ya Minnesota kwa wenye miaka 65 na zaidi. Mwombaji asiwe na mali inayohesabiwa zaidi ya dola 3,000, na tathmini ya MnCHOICES (mahojiano rasmi kuhusu mahitaji ya mzee) ithibitishe kwamba hali yake inafikia kiwango cha mtu wa makao ya uuguzi. Mwenye grinikadi (kibali cha kuishi Marekani) ambaye hajafikisha miaka mitano nayo kwa kawaida hufungiwa Medicaid, na hata baadaye kipato cha mtoto aliyemdhamini kuhamia kinaweza kuhesabiwa kana kwamba ni chake. Lichunguzeni hilo kabla hamjatia saini popote.

Tathmini ndiyo inayoangusha wengi, kwa sababu ya adabu zetu. Mzazi aliyelelewa kutolalamika mbele ya mgeni akiulizwa kama anaweza kuoga atajibu, "Naweza, mwanangu, sina shida." Mtathmini anaandika: anajitegemea. Niliandika daftari la siku 14: saa ngapi aliamka, nani alimshika akiingia bafuni, mara ngapi alisahau dawa, mara ngapi nguo zilibadilishwa kwa kulowa. Kusimamiwa na kukumbushwa navyo vinahesabika kama kuhitaji msaada, si kubebwa tu. Omba mkalimani wa Kiswahili. Ni bure, na ni bora kuliko mtoto kutafsiri, maana mama hatasema habari za choo kupitia kinywa cha mwanawe wa kiume. Mwishoni mzee hupangwa kwenye daraja la herufi, na herufi hiyo ndiyo inayoamua ukubwa wa bajeti. Baadaye msimamizi wa kesi hujaza jedwali la huduma moja moja na muda wake. Kisichoandikwa humo hakilipwi, kwa hiyo lisome mstari kwa mstari kabla ya kukubali. Letu la kwanza lilisahau usiku.

Upande wa chumba na chakula kuna Housing Support, hela ya jimbo lenyewe. Mama anatoa karibu pensheni yake yote, anabakiziwa posho ndogo ya matumizi yake, na jimbo linajazia hadi kiwango lilichoweka. Si kila jengo lina mkataba na mpango huu. Uliza mapema, kwa jina.

Mkataba wa makao nao usomwe kwa miwani. Sheria ya Minnesota inautaka useme kama wanapokea malipo ya waiver, kama wana ukomo wa idadi ya wakazi wa aina hiyo, na kama mkazi lazima ajilipie mwenyewe muda fulani kwanza na ni muda gani. Jengo moja zuri sana tuliliacha kwa sababu lilitaka miaka miwili. Ukisaini, andika kwamba unasaini kwa niaba ya mama, chini ya hati ya uwakilishi. Sheria ya 1987 inayozuia makao ya uuguzi kudai mdhamini haigusi makao ya usaidizi, na ukijaza jina lako kwenye "mhusika wa malipo" umejitwika deni.

Sasa miezi 60. Medicaid huangalia nyuma miaka mitano kuona kama mwombaji aligawa mali. Jumla ya alichotoa bure hugawanywa kwa wastani wa gharama ya mwezi ya makao ya uuguzi, na jibu ni miezi ya kukaa bila malipo ya huduma. Adhabu inaanza pale mzee anapokuwa ameishiwa na amestahili, yaani wakati mbaya kuliko wote. Kwetu sisi zawadi si bahasha ya Krismasi tu. Ni karo ya mjukuu iliyotumwa kila muhula, michango ya harambee, sadaka, na shamba la nyumbani lililohamishiwa jina la kaka. Na shamba la Kenya lililobaki kwa jina lake bado ni mali yake, hata kama hakuna mtu Minnesota aliyewahi kuliona. Tulichapisha taarifa za benki za miaka mitano, tukaandika kando ya kila muamala ulikuwa wa nini na tangu lini anautuma. Mazoea ya zamani yaliyoandikwa vizuri yanaweza kuitetea hela isihesabiwe kama hila. Risiti iliyopotea haina wa kuitetea.

Akiba iliyozidi 3,000 tuliitumia kwa vitu vyake halali: meno, vifaa vya masikio, na mkataba wa maziko usioweza kuvunjwa, ambao Medicaid haiuhesabu usipozidi viwango vilivyowekwa na jimbo. Gharama ya kusafirisha mwili nyumbani iandikwe ndani ya mkataba huo. Kuiweka kwenye akaunti ya mtoto ni kutoa zawadi.

Kabla waiver haijaanza tulilipa wenyewe, na hapo kodi ya mapato ilitupunguzia kidogo. Ndugu wakichangia pamoja zaidi ya nusu ya matunzo ya mzazi, fomu 2120 ya kodi inaruhusu mmoja wao, aliyetoa zaidi ya asilimia 10, kumwandika kama tegemezi wake. Gharama za matibabu anazoweza kupunguza kwenye kipato kinachotozwa kodi ni zile alizolipa yeye mwenyewe tu, na ni sehemu inayozidi asilimia 7.5 ya kipato chake. Kwa hiyo dada ndiye aliyelipa makao moja kwa moja, sisi wengine tukabeba simu, nguo, nepi na dawa zisizo na bima. Daktari aliandika kwamba mama hawezi mambo mawili au zaidi kati ya sita ya kila siku bila msaada. Bila barua hiyo chumba na chakula havipunguzwi.

Ombi lipelekwe miezi minne hivi kabla fedha hazijaisha. Waiver hailipi siku zilizotangulia tathmini na mpango wa huduma, na deni la siku hizo ni lenu. Jaza pia fomu ya mwakilishi, barua zije kwako: upyaisho ni kila mwaka, na bahasha iliyokaa kwenye droo ya mama wiki sita ilitosha kumfungia malipo.